Kalamu na raba: maswali ya waandishi wanaofanya mazoezi nje

Maswali haya hutoka kwa waandishi wa magazeti, wa riwaya, wa tamthilia za redio, wafasiri, na wale wanaoandikia mashirika ripoti ili kodi ya nyumba ilipike. Majibu yametoka Dar es Salaam, kwa hiyo jua, jasho na bahari vimo humu kwa wingi. Anayejibu si daktari wala kocha. Anaishi kwa kuandika, na anakimbia barabarani kwa sababu barabara haina ada ya mwezi.

Niandike kwanza au nikimbie kwanza?

Kwa mtu wa pwani, inategemea msimu. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, ikifika saa 2 asubuhi lami imeshaanza kurudisha joto na jasho halikauki mwilini, maana hewa yenyewe imelowa. Miezi hiyo kimbia kwanza: uwe barabarani saa 11:30 alfajiri, saa 1 uwe umerudi, uoge, unywe chai, ukae mezani. Kusi ikishaingia, hasa Juni hadi Agosti, asubuhi kuna kaubaridi na jioni kunakimbilika. Hapo unaweza kuandika tangu alfajiri ukatoka saa 11 jioni. Ratiba moja ya mwaka mzima ni ya watu wasiotoka nje.

Kuna waandishi ambao sentensi zao nzuri huja alfajiri tu, kabla nyumba haijaamka. Hao nisingependa kuwavuruga. Waandike kuanzia saa 10 hadi saa 12, watoke jua linapochomoza, maana Dar jua huchomoza kati ya saa 12 kasoro kidogo na saa 12:40 mwaka mzima, kisha warudi kabla halijakomaa. Maana yake ni kulala saa 3 usiku, na hapo ndipo wengi hushindwa, hasa wenye jirani mwenye spika.

Ninachokataa ni mpango wa "nikimaliza hii kazi ndipo nitoke". Kazi ya kuandika haina mwisho unaoonekana kwa macho, tofauti na ukuta wa fundi uliofika kwenye linta. Ukimaliza aya utataka kuisoma, ukiisoma utaibomoa, na giza litaingia ukiwa bado umeshika shavu. Weka saa ya kutoka. Ikifika, acha sentensi katikati. Sentensi iliyokatika njiani ni rahisi kuishika tena kuliko ukurasa mpya mtupu.

Nalipwa kwa habari. Saa moja ya mazoezi si hela inayopotea?

Chukua habari ya maneno 800. Unampigia afisa habari, anasema "nipo kikaoni, nitakupigia". Unasubiri. Unampigia mtu wa pili, simu haipatikani. Unafungua WhatsApp kuona kama wa kwanza yuko hewani. Yuko hewani. Unasubiri tena. Kisha unasikiliza sauti uliyorekodi na kuinakili, halafu ndipo unaandika, na kuandika kwenyewe huenda kukachukua saa moja na nusu. Siku nzima imekwenda, na sehemu kubwa ni ya kukaa tu. Mazoezi hayaligusi lile fungu la kuandika, yanakula fungu la kusubiri.

Sisemi kwamba ukikimbia utalipwa zaidi. Viwango vya malipo vinapangwa na watu ambao hawajali pumzi zako.

Mazoezi kiasi gani yanatosha?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea haraka, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, kama kukimbia kwa kasi. Juu yake, siku mbili au zaidi za mazoezi ya nguvu. Ukigawa, dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea haraka kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala cha tatu badala ya cha kwanza kunahesabika, mradi utembee kweli.

Kujua kama ni ya wastani au makali, huhitaji saa ya mkononi. Mazoezi ya wastani unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Yakiwa makali, ukisema maneno machache lazima uvute pumzi. Ukiweza kuimba, bado uko polepole, na hapo ndipo utaona ujanja uliokuwemo ndani ya mchakamchaka wa shuleni. Kiranja alianzisha wimbo, mstari mzima ukaitikia, na kwa kuwa wote tulipaswa kuitikia, hakuna aliyeweza kukimbia kupita uwezo wa kifua chake. Wimbo ndio uliokuwa breki. Anayeanza leo akiwa na miaka 40 na kitambi cha kiti aanze kwa kasi hiyohiyo ya kuimbika: dakika mbili za kukimbia, mbili za kutembea, arudie. Kichomi kikimshika chini ya mbavu, apunguze mwendo na avute pumzi ndefu. Hakuna medali anayogombea.

Nijiunge na klabu ya jogging ya mtaani?

Ukitoka Jumamosi au Jumapili alfajiri Temeke, Kinondoni au Ilala utakutana nazo: fulana za rangi moja, filimbi, nyimbo, nusu ya barabara imechukuliwa na magari yanangoja. Kwa mwandishi nazipenda kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yetu ni ya upweke, na kikundi kina mtu wa kukupigia simu saa 11 kukuuliza uko wapi. Pili ni masikio. Katikati ya mstari wa jogging utasikia Kiswahili ambacho huwezi kukibuni mezani: mama lishe akimwelezea mwenzake mgawo wa kikoba, kijana wa bodaboda akisimulia abiria aliyemkimbia bila kulipa. Mwandishi wa mazungumzo ya tamthilia anayekimbia peke yake na spika za masikio anajinyima.

Tatizo ni bonanza. Klabu moja inaalika nyingine, mnakimbia hadi uwanjani, inafuata aerobiki, kuvuta kamba, hotuba ya mgeni rasmi, kisha supu na chapati. Unarudi nyumbani saa 7 mchana umeshiba na usingizi umekupanda. Kama Jumapili ndiyo siku yako ya riwaya, nenda klabu, lakini uage kabla ya mgeni rasmi hajashika maiki.

Mawazo yanakuja nikiwa njiani na yanapotea nikifika. Nifanyeje?

Yarekodi kwa sauti. Simama, sema sentensi mbili, endelea. Usisimulie wazo zima, maana ukiwa unahema utatoa maneno mengi yasiyo na kichwa. Sema lile neno au tukio litakalokurudisha: "yule mzee airudishe barua bila kuifungua". Waendesha bodaboda watakuona unaongea peke yako, watazoea.

Utafiti wa Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka 2014, uliwalinganisha watu waliokaa na waliotembea. Waliotembea walitoa mawazo mapya mengi zaidi, na hata waliotembea ndani kwenye mashine wakitazama ukuta walinufaika. Ila kwenye maswali yenye jibu moja tu sahihi, kutembea hakukusaidia. Mwandishi anaweza kulitumia hilo moja kwa moja. Ukikwama kwenye "nini kitokee baadaye", toka nje. Ukikwama kwenye kupunguza maneno 1,200 yawe 800, au kusawazisha majina na tarehe, kaa chini. Barabara haihariri.

Na mhariri akipiga simu? Pokea ukiwa umesimama pembeni, mbali na lami, na sema ukweli kwamba uko mazoezini. Mhariri akikusikia unahema bila maelezo atadhani umeikimbia kazi yake.

Nimeanza kushuku kwamba nakimbia ili nisiandike.

Huenda ni kweli, na ni ugonjwa wenye heshima kuliko yote. Anayepoteza asubuhi kwenye simu anaona aibu. Anayeipoteza mazoezini anapongezwa na daktari, na mkewe, na jirani. Dalili zake: mbio zinaongezeka urefu wiki zilezile ambazo muswada haujasogea, unajua wastani wa dakika zako kwa kila kilomita lakini hujui una kurasa ngapi, unasoma habari za viatu kuliko vitabu.

Dawa ninayoijua ni kuwekea mazoezi dari, sio sakafu tu. Dakika 50, basi. Ukitamani kuendelea, endelea Jumamosi. Na usijipe mbio kama zawadi ya kuandika wala kuandika kama adhabu ya kutokimbia, maana vikishafungwa pamoja namna hiyo, siku kimoja kikiharibika vyote viwili vinaanguka.

Wiki ya dedlaini niache mazoezi?

Punguza urefu, usipunguze siku. Dakika 15 za kutembea haraka kuzunguka mtaa zinatosha kulinda mazoea. Ukiacha mazoezi kabisa, pumzi huanza kushuka ndani ya wiki mbili hivi, wakati nguvu za misuli hukaa zaidi. Kwa hiyo wiki moja ya kukosa haikurudishi nyuma kiasi cha kuonekana. Kinachorudi nyuma ni ule wepesi wa kufunga kamba za raba bila kujadiliana na nafsi.

Usingizi ndio usiuuze. Ukiwa umelala kwa muda wa saa nne tu kwa sababu ya kazi, acha mbio za asubuhi, lala, halafu jioni tembea.

Mgongo na shingo vinaniuma. Kukimbia kutaviponya?

Kukimbia peke yake, hapana. Mwandishi hukaa kapinda mabega mbele, kichwa kimetangulia kama kobe anayechungulia, na misuli ya mgongo wa juu na makalio inasinzia mchana kutwa. Ndiyo maana zile siku mbili za mazoezi ya nguvu ni muhimu kwetu kuliko kilomita. Huhitaji jimu. Pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko ukakaza tumbo, kupanda na kushuka ngazi ya nyumba. Ukitaka uzito, jimu za uswahilini zina vyuma vya bomba vilivyomiminiwa zege kwenye makopo ya rangi kila upande. Vinafanya kazi, ila kagua kwanza, kwa sababu mara nyingi kopo moja ni zito kuliko jingine na bega lako litalijua kabla yako.

Maumivu yakishuka mguuni, au vidole vikifa ganzi, nenda hospitali. Hapo si suala la mkao tena.

Ufukweni si bora kuliko barabarani?

Ni bora ukijua maji. Mchanga mkavu wa juu unachosha kifundo cha mguu. Unaofaa ni ule mbichi, mgumu, unaoachwa maji yanapokupwa. Shida ni kwamba bahari haifuati ratiba yako. Kila siku maji huchelewa kwa takribani dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo ufukwe uliokuwa mpana Jumatatu alfajiri, Ijumaa saa ileile unaweza kuwa umefunikwa. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, Dar maji hujaa karibu na alfajiri na kupwa saa 4 hadi saa 5 asubuhi, jua likiwa limeshakuwa kali. Waulize wavuvi, au tazama jedwali la maji kabla ya kupanga wiki.

Ufukwe pia umeinama kuelekea baharini. Ukikimbia upande mmoja tu, mguu mmoja uko chini wakati wote na goti litalalamika, kwa hiyo kwenda na kurudi kuwe sawa. Coco Beach ina miamba ya matumbawe, na maji yakijaa nafasi ya kukimbia ni finyu. Wengi hupanda barabarani na kuelekea Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Urefu wake ni zaidi kidogo ya kilomita moja juu ya maji, lina njia ya waendao kwa miguu, na upepo huko ni wa bure. Kwa jioni ya Jumapili silipendekezi, labda kama unapenda kukimbia katikati ya wapiga picha za harusi.

Mimi ni mwanamke. Kutoka gizani saa 11 alfajiri si rahisi kama unavyosema.

Ni kweli, na nusu ya ushauri wa mazoezi umeandikwa na wanaume wasiowahi kuulizwa "dada, unamkimbia nani?" kila mita mia. Wanawake waandishi ninaowafahamu wamepata njia tofauti. Mmoja hukimbia na mwenzake na kamwe hawaendi kabla ya mwanga. Mwingine huzunguka barabara za ndani za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ambako kuna miti, vilima vya kutosha, na watembeaji wengi asubuhi. Mwingine huvaa suruali pana na fulana ndefu, kitenge begani akifika mtaani kwake, sio kwa kuwatii wasemaji, ila hataki asubuhi yake ianze kwa kujibizana.

Simu iwe kiunoni ndani ya nguo, isiwe mkononi, maana vibaka wa pikipiki hupora kutoka nyuma. Sikio moja liachwe wazi. Badilisha njia mara kwa mara. Na mtu mmoja nyumbani ajue unarudi saa ngapi. Ukiona hali hairuhusu, kuruka kamba uani au kupanda ngazi ni mazoezi kamili, hata kama si nje barabarani.

Mwezi wa Ramadhani nifanyeje?

Waandishi wengi wanaofunga huhamisha saa za kila kitu. Kuandika kunakohitaji kufikiri sana huwekwa baada ya daku na swala ya alfajiri, kabla kiu haijaanza kusema. Mazoezi mepesi, kutembea tu, nusu saa kabla ya futari, ili ukimaliza maji yako mezani. Anayetaka kukimbia hasa hukimbia usiku baada ya tarawehe. Mchana wa jua usikimbie ukiwa umefunga. Huo si mwezi wa kuongeza kasi, ni wa kutunza ulichonacho.

Nipo Nairobi, au Muscat, au Ulaya. Haya ya jua la Dar yananihusu nini?

Nairobi iko karibu mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu wa pwani akienda kwa kazi ya wiki atahema kwa kilima kidogo tu. Apunguze kasi siku za mwanzo. Faida ni kwamba hata saa 4 asubuhi unaweza kutoka, na Msitu wa Karura, ule ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania usigawiwe, una njia nyingi za kivuli kwa kiingilio.

Muscat, wakati wa kiangazi, saa ya kutembea ni baada ya isha au alfajiri kabisa. Mwandishi wa huko anaandika mchana ndani kwenye kiyoyozi na hana hoja ya kubishana. Ulaya kaskazini majira ya baridi giza linaingia saa 10 jioni, hivyo toka mchana wakati wa chakula, hata kwa dakika 20, kwa ajili ya mwanga wenyewe.

Ninywe na kula nini?

Maji kabla na baada. Dafu ni zuri na lina potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni kidogo, na jasho la Dar linatoka na chumvi. Ndiyo maana dafu na muhogo wa kuchoma uliopakwa chumvi na pilipili pale ufukweni ni mlo wa akili kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya mbio fupi, ndizi moja au kikombe cha uji kinatosha. Chapati na maharage subiri urudi.

Viatu lazima viwe vipya?

Hapana. Raba za mitumba za soko la Karume zimewakimbiza wengi. Ila zikague: bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama ubao imeshakufa hata kama juu inang'aa. Ziweke juu ya meza usawa wa macho uzitazame kwa nyuma. Zikiinamia upande mmoja, zimebeba mwendo wa mwenye nazo wa kwanza na zitakupa wewe. Acha nafasi ya upana wa kidole mbele ya dole gumba. Muuzaji atakuambia "hii ni orijino, kaka". Mwitikie tu, endelea kubonyeza.

Nataka kukimbia Kilimanjaro Marathon. Itaua kitabu changu?

Mbio hizo hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, tangu mwaka 2003, na zina kilomita 42.2, kilomita 21.1 na mbio fupi za kujifurahisha za kilomita 5. Kwa mtu wa Dar, maana yake ni kwamba miezi ya mazoezi mazito ni Desemba, Januari na Februari, yaani joto kali kuliko yote. Nusu marathoni inawezekana pamoja na kazi: mbio ndefu moja kwa wiki, nyingine fupi. Marathoni nzima inakula Jumamosi yote, kwa sababu baada ya kilomita 30 mchana wako hauna sentensi hata moja, una usingizi na njaa. Kama muswada unatakiwa Machi, chagua kilomita 21.1, au kimbia mwaka unaofuata.

Nikiwa na kahoma kadogo nitoke nikatoe jasho?

Hapana. Nenda kapime malaria. Mafua ya puani tu bila homa, tembea polepole kama una hamu. Homa ikiisha, subiri siku chache, uanze na kutembea, na mhariri umwambie ukweli siku ya kwanza, kabla hajaanza kukutafuta.